Kulima Mboga, Viungo na Matunda kwenye Roshani ya Ghorofa Dar es Salaam

Anayetaka kulima kwenye roshani ya ghorofa jijini Dar es Salaam kwa kawaida huanza kwa kuchagua zao analolipenda, akanunua ndoo na mche, kisha akaviweka palipo na nafasi. Utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Roshani ndiyo inayochagua mazao, kwa sababu mwanga wake, upepo wake na uzito inaoweza kubeba ni mambo ambayo mpangaji hana uwezo wa kuyabadilisha, ilhali zao hubadilishwa wakati wowote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuijua roshani yenyewe, nayo haigharimu hata shilingi moja.

Jua linaingia saa ngapi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jambo hilo lina matokeo ambayo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haiyazungumzii. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na roshani nyingi zimefunikwa na sakafu ya ghorofa iliyo juu yake, kwa hiyo ule mwanga mkali kuliko wote huishia ukingoni na hauingii ndani. Mwanga wa kutegemewa ni wa jua lililoinama, yaani wa asubuhi na wa alasiri. Roshani inayotazama mashariki hupata jua kuanzia saa moja hadi saa nne au tano asubuhi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo bora kuliko zote katika ukanda wa pwani, kwa kuwa mimea hushiba mwanga kabla joto halijapanda na hupumzika kivulini wakati wa mchana. Roshani ya magharibi hupata mwanga wa kutosha pia, lakini huupata pamoja na joto la ukuta uliochomwa na jua tangu adhuhuri, na humo hustahimili zaidi bamia, pilipili, mrehani na rozimeri kuliko mboga za majani laini.

Roshani za kaskazini na kusini zina tabia ya kubadilika kwa misimu. Kuanzia mwezi wa Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwa jiji, na mwezi wa Juni huinama kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini, hivyo roshani ya kaskazini hupokea mwanga katika miezi ile ya baridi ambayo ndiyo mizuri kwa kilimo cha mboga. Roshani ya kusini haina bahati hiyo, maana hata mwezi wa Desemba jua linapokwenda kusini kabisa huinama nyuzi 17 tu, na kinachoambulia mwanga huo ni ukingo peke yake.

Ili kupata jibu la hakika, chukua chaki siku moja ya mapumziko na uchore sakafuni mpaka wa jua na kivuli saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi jioni. Mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi panafaa mazao ya matunda kama vile nyanya, pilipili, bamia na ndimu. Saa tatu hadi nne zinatosha kwa mchicha, matembele, spinachi na vitunguu vya majani. Chini ya hapo panabaki nanaa na giligilani, ambazo pwani hupendelea kivuli chepesi kuliko jua kali. Kumbuka pia kwamba roshani nyingi zina ukuta wa matofali unaofika kiunoni badala ya vyuma, na ukuta huo hulizuia jua la asubuhi lisifike sakafuni. Hapo benchi la mbao linaloinua vyombo hadi usawa wa ukingo huongeza mwanga kuliko mbolea yoyote utakayonunua.

Uzito na upepo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na udongo uliolowa ni mzito zaidi ya maji. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo na kumwagiliwa hufikia kilo 25 hadi 30, maana yake ndoo kumi ni kilo 250 hadi 300. Kwa sababu hiyo vyombo vikubwa vipangwe kandokando ya ukuta wa nyumba, ambako sakafu ya roshani imeshikwa na jengo, na vile vyepesi ndivyo visogezwe ukingoni. Penye nyufa sakafuni au nondo zilizoanza kuonekana kwa kutu, acha kabisa mpaka mwenye nyumba au fundi ujenzi apaangalie. Vilevile magunia ya mboga yaliyoenea Kibera, jijini Nairobi, ambayo mboga hupandwa juu na ubavuni mwake, yanapendeza na yana mavuno mengi, lakini yalibuniwa kukaa ardhini; gunia moja lililolowa ni mzigo ambao nisingeuweka kwenye roshani.

Chombo chochote kisining'inizwe upande wa nje wa ukingo, hata kama kimefungwa kwa waya, kwa kuwa chini wanapita watu. Upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, huangusha mmea mrefu ulio katika chombo chepesi na kuyakausha majani kwa haraka kuliko jua. Kwa majengo yanayotazama bahari upepo huo hubeba na chumvi, ambayo huunguza ncha za majani. Wavu wa kivuli uliofungwa ukingoni huupunguza, na majani yakioshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara mojamoja hupata nafuu.

Vyombo na udongo

Hakuna haja ya vyungu vya bei kubwa. Ndoo za lita 20, madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa ubavu, beseni zilizopasuka na makreti yaliyotandikwa kiroba hufanya kazi vizuri, ila visitumike vyombo vilivyowahi kubeba rangi, dawa za wadudu au vilainishi vya mitambo. Chombo cheusi kilichopigwa na jua la alasiri hupata moto kiasi cha kuipika mizizi iliyogusana nacho, hivyo chagua rangi nyeupe au ukipake chokaa kwa nje. Toboa matundu sita hadi manane chini, yenye upana wa kidole kidogo, kwa msumari uliochomwa moto, kisha uyafunike kwa kipande cha wavu wa dirishani ili udongo usitoke. Mazoea ya kuweka kokoto chini ya chombo ili maji yatoke upesi yameenea sana na hayana faida: maji hayateremki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, hujikusanya juu yake, na matokeo ni mizizi kukaa kwenye tope lililosogezwa karibu zaidi nayo, huku nafasi ya udongo ikipungua.

Udongo wa shambani pekee haufai, kwa kuwa ndani ya ndoo hujishindilia baada ya kumwagiliwa mara chache na kuwa kama tofali. Ule udongo mwekundu unaouzwa kwenye vitalu vya miche kando ya Barabara ya Bagamoyo una tabia hiyo hasa. Changanya sehemu mbili za udongo, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya kitu cha kuulegeza, ambacho kinaweza kuwa pumba za mpunga zilizochomwa au nyuzi za makumbi ya nazi. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, huleta nzi na harufu kwa jirani, na hubeba vijidudu vya maradhi ambavyo havitakiwi kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Irundikwe kwa muda wa miezi mitatu mahali pengine kabla ya kupandishwa ghorofani. Iliyokwisha kuoza haina harufu ya banda, na huwezi tena kutambua ilitokana na nini.

Makumbi yanahitaji uangalifu wake. Pwani, makumbi mengi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye matope ya ufukweni ili yaoze, na yakitoka huko yana chumvi ya bahari. Yaloweke kwenye maji baridi usiku kucha, uyakamue, na urudie hivyo mara mbili au tatu. Mchanganyiko wako ukiwa tayari, ulowanishe kidogo, ushike konzi moja na uifinye: ikibaki donge, kisha donge hilo likavunjika ukiligusa kwa kidole, udongo uko sawa. Donge lisilovunjika linadai pumba zaidi, na lisilofumba kabisa linadai mboji.

Mazao ya kuanza nayo

Soko ndilo kitalu cha kwanza. Fungu la matembele likinunuliwa kwa ajili ya chakula cha jioni, majani huenda jikoni na mashina magumu yanabaki. Yakate vipande vya urefu wa kiganja na vidole, vyenye vifundo vitatu au vinne, uzike vifundo viwili ndani ya udongo, na baada ya wiki mbili vitakuwa vimeshika. Nanaa hushika vivyo hivyo ndani ya glasi ya maji iliyowekwa dirishani. Shina la mchaichai lililouzwa na kitako chake, pamoja na vitunguu vya majani vilivyobaki na mizizi, huota bila gharama yoyote. Nanaa ipewe chombo chake peke yake, maana mizizi yake huwamaliza majirani. Mbegu za giligilani zinazouzwa nzima kwenye maduka ya viungo kwa kawaida huota, ila zipondwe kidogo kwa mgongo wa kijiko ili kila tunda ligawanyike mara mbili, na zipandwe hapohapo zitakapokua, kwa sababu mche wake hauvumilii kuhamishwa. Katika joto la pwani giligilani hukimbilia kutoa maua, hivyo ni busara kupanda kidogo kila baada ya wiki mbili kuliko kupanda nyingi kwa pamoja.

Mchicha ndio zao lenye kurudisha fadhila upesi kuliko yote. Tawanya mbegu juu ya beseni lenye kina cha sentimita 15, uzifunike kwa udongo mwembamba sana, na kati ya wiki ya tatu na ya nne utaanza kuvuna kwa kung'oa iliyosongamana na kuiacha iliyobaki ikipanuka. Ukiikata ncha badala ya kung'oa, huchipua tena pembeni. Spinachi huchukua muda mrefu zaidi kuanza, lakini mmea mmoja hutoa majani kwa miezi kadhaa iwapo unavuna ya nje tu na kuuacha moyo wake.

Nyanya ndiyo inayowaponza wengi, na kosa huwa si la udongo wala la mbolea, ni la kalenda. Nyanya hufunga matunda vizuri usiku unapokuwa na ubaridi kiasi. Joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi, chavua hudhoofika na maua hunyauka na kudondoka hata kama mmea una afya na majani mengi. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, usiku wa Dar es Salaam hukaa karibu nyuzi 25, ilhali mwezi wa Julai hushuka hadi karibu 19. Kwa hiyo sia mbegu mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, hamisha miche mwezi wa Mei, na mavuno yatakuja kati ya Julai na Septemba. Hapa roshani ina faida kuliko shamba, kwani dari yake huyakinga majani na mvua za masika, na majani yasiyolowa hayashambuliwi sana na ugonjwa wa bakajani. Chagua nyanya ndogo za mviringo, mmea mmoja kwa ndoo moja ya lita 20, uzike shina hadi karibu na majani ya kwanza ili litoe mizizi zaidi, na usimike mti wa kuegemea siku hiyohiyo. Maua yake hujichavusha yenyewe yakitikiswa, kwa hiyo ghorofani, ambako nyuki ni wachache, gonga vichala vya maua kwa kidole kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Anayetaka zao la matunda ambalo halijali miezi apande pilipili mbuzi. Inapenda joto, inaridhika na ndoo ya lita 15, na mmea mmoja uliotunzwa huendelea kuzaa zaidi ya mwaka mmoja. Binafsi ningeupa nafasi yangu ya jua iliyo bora kabla ya nyanya.

Upande wa matunda, uwanja ni mwembamba. Mpapai ni mrefu na huangushwa na upepo, na pesheni ya manjano, ambayo ndiyo inayostawi pwani, haijichavushi, inahitaji mmea wa pili wa ukoo tofauti na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mndimu ndio unaofaa, mradi uwe mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine, na si ule uliotokana na mbegu, ambao utasubiri miaka mingi. Uupe chombo cha lita 50 kilichotulia kando ya ukuta. Majani yake machanga yakianza kuonekana yametafunwa pembeni, tafuta kiwavi anayefanana kabisa na kinyesi cha ndege, mwenye rangi ya kahawia na bato jeupe mgongoni. Huyo ni mtoto wa kipepeo, na mkono unatosha kumwondoa bila dawa. Kilemba cha nanasi nacho hukubali: kinyofoe, toa majani ya chini mpaka vionekane vijizizi, kiache kivulini siku tatu kidonda kikauke, kisha kipande. Tunda litachukua takriban miaka miwili.

Maji, mbolea na mbu

Katika chombo mizizi haina pa kwenda kutafuta maji, na kwa hiyo ratiba ya shambani haitumiki. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, pakiwa na unyevu, subiri. Nyanya iliyobeba matunda inaweza kumaliza lita mbili kwa siku wakati wa joto. Umwagiliaji wa leo mafuriko, kesho ukame ndio unaosababisha vitako vya nyanya kuwa vyeusi na kuoza, kwa kuwa chokaa iliyomo udongoni husafiri na maji, na maji yakikatika haifiki kwenye tunda. Tandaza majani makavu au pumba juu ya udongo ili kupunguza ukaukaji.

Wengi jijini wanategemea visima, na maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Dalili yake ni ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zilizoungua. Maharage, vitunguu na mindimu huathirika mapema, na spinachi huvumilia zaidi. Dawa yake ni kukipa kila chombo maji mengi kwa mara moja, mara mbili au tatu ya kawaida, ili chumvi isukumwe itoke chini, na kutumia maji ya mvua kila inapopatikana wakati wa masika na vuli. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi, lakini yamepita kwenye shaba na vumbi la mashine. Mimi huyapeleka kwenye maua, si kwenye mboga.

Kwa kuwa kila umwagiliaji huondoka na rutuba, baada ya mwezi wa kwanza mmea huhitaji kulishwa. Mbolea ya NPK ya 17:17:17, yaani yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, kijiko cha chai kimoja kilichoyeyushwa katika lita tano za maji, hutosha kila baada ya wiki mbili kwa mazao ya matunda. Mboga za majani huridhika na konzi ya mboji iliyotandazwa juu. Vidukari na inzi weupe hukaa chini ya majani, hivyo geuza jani kabla ya kuamua kwamba mmea umekosa mbolea. Maji yenye sabuni kidogo ya mche, yakinyunyizwa jioni na kusuuzwa asubuhi, huwapunguza, na mafuta ya mwarobaini husaidia pale sabuni inaposhindwa.

Visahani vinavyowekwa chini ya vyombo vinamkinga jirani wa chini na matone kwenye nguo zake alizoanika, lakini maji yakituama humo huwa kitalu cha mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue iliyolikumba jiji mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyo hukua kutoka yai hadi mdudu kamili kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo visahani vimwagwe na kusuguliwa kwa brashi angalau mara moja kila wiki, maana mayai hung'ang'ania ubavuni hata chombo kikikauka, au vijazwe mchanga ambao hunyonya maji bila kuacha kidimbwi. Mwagilia asubuhi na mapema kabla jirani hajaanika, na kama utaosha sakafu ya roshani baada ya kubadilisha udongo, mwarifu kwanza.

Udongo wenyewe hautupwi baada ya mavuno. Umwage juu ya turubai, toa mizizi mikubwa, uanike juani siku kadhaa, kisha uongeze theluthi moja ya mboji mpya na pumba kidogo. Palipokuwa na nyanya, pilipili au bilinganya, ambazo zina maradhi yaleyale, panda mchicha au matembele msimu unaofuata.